Usifute Kabla Hujaandika

…na hata Ketaki akikubali, atakubali kwa sharti, jina lake waliweke, haya, lakini ile nyumba ya Solapur iachwe nje ya toleo hili la programu, mteja mmoja tu kati ya wote, nani atauliza, Shirish mwenyewe ana haraka ya kufunga kazi kabla ya Ganpati, ofisi nzima imeshakata tiketi za treni za kwenda kwao, atasema sawa, Ketaki, waache hao, tutawarudia baada ya sikukuu, na jambo litaishia hapo, kimya kimya, bila mtu kuinua nyusi, na yeye ataendelea na ndoo yake ambayo hata nusu haijafika, maana bomba la jikoni leo linatoa maji kwa choyo, uzi mwembamba unaokatika na kurudi, ndiyo kawaida ya Pune ikifika Jumamosi… "Jamani, mnanisikia? Omkar, fungua maiki yako, tunakuona unachezesha midomo tu," Shirish huyo, mkuu wa kikosi chao, sauti yake imemkaa Ketaki sikio la kushoto, la kulia ameliacha wazi kwa ajili ya nyumba, kompyuta iko juu ya kaunta kati ya kopo la mchele na sahani ya pohe, mchele wa kubapa uliokaangwa na njugu, aliyoandaliwa na mama mkwe wake na ambayo hajaigusa, njugu zimeshaanza kulainika, na kwenye kioo kuna ule mstari mmoja unaomngoja, Imepitiwa na, mbele yake patupu, jina la Omkar aliyeandika msimbo wa programu lipo, la Shirish lipo, limebaki lake, na katika kazi yao jina likishaingia pale halitoki tena, siku kuna moto mtu atafungua historia ya msimbo na kusoma, Ketaki Sathe alipitia, akaona sawa. Na hakuona sawa, ndiyo shida yenyewe, aliusoma msimbo wa Omkar mstari kwa mstari na akalikuta shimo, maana kila faili kwenye mashine za wateja lina lebo yake ya ulinzi, kitu kidogo tu, maneno machache yanayosema nani aruhusiwe kulifungua na nani asiruhusiwe, na toleo hili jipya likiwekwa litazibadilisha lebo zote, linafuta ya zamani, linaandika mpya, linafuta, linaandika, kazi safi kabisa… ila diski ikiwa imejaa je, umeshaifuta ya zamani, unataka kuandika mpya, diski inakwambia nafasi hakuna, faili linabaki bila lebo, na faili lisilo na lebo kwao linafunguka kwa kila mfanyakazi, waliamua hivyo zamani wateja walipolalamika kwamba wanafungiwa nje ya mafaili yao wenyewe, usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walishayasema yote, bahati mbaya wahenga hawakuajiriwa kwenye kikosi cha Shirish… "Wasiwasi wa dada Ketaki nimeufanyia kazi," Omkar anasema sasa, amepata maiki, kijana mwenye adabu, hata akikukosea anakukosea kwa heshima, "nimeongeza njia ya kurudi nyuma. Lebo mpya ikishindikana, tunairudisha ya zamani pale pale." Na utairudisha wapi, Omkar, hewani, kurudisha nako si kuandika, na kuandika kunataka nafasi, na ile nafasi ndogo uliyoiachia ulipofuta, mashine ya kuskani ya mteja imeshaimeza wewe ukiwa bado unageuka… lakini hayo aliyaandika juzi, tena kwa upole, kaka, andika mpya kwanza pembeni, ikikubali ndipo ufute ya zamani, ikikataa iache ya zamani ilivyo na useme hapana, na jibu alilopata ndilo hili analorudia Omkar mbele ya wote, "Na nimejaribu. Nimeijaza diski mpaka ikasema basi, hata herufi moja haiingii. Nikazibadilisha lebo zote. Zote zimekubali, hakuna faili lililobaki uchi. Nimerudia tena na tena, dada." Na Shirish hapo hapo, "Umesikia, Ketaki? Mimi sina ugomvi na mtu. Ukiniletea maoni, na mwenzako akaniletea jaribio, mimi naenda na jaribio."

Hapo ndipo alipokwama tangu juzi, anajua msimbo ni mbovu na jaribio linasema ni mzima, na yeye mwenyewe ndiye anayewaimbia wenzake kila siku kwamba jaribio halina ubishi, sasa wimbo umemgeukia, na amebaki na ombi lake, dogo, la aibu, iacheni Solapur… Solapur ambako Asawari amelala leo, mdogo wake, kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake ambayo hata dereva aliyewapeleka aliambiwa awashushe njiani asipajue, walimpeleka mchana kweupe mumewe akiwa kiwandani kwenye miwa, na mfuko mmoja, na lile jicho lake la kushoto lililokuwa halifunguki, na Asawari alikuwa anacheka kwenye gari, mwehu yule, anasema didi, dada yangu, nimesahau chanuo, turudi, na wote wawili wakacheka mpaka wakalia. Ketaki ndiye aliyeijua nyumba ile, yeye ndiye aliyewafungia mfumo wa mafaili ofisini kwao mjini, seva ndogo chini ya meza, feni juu yake, akala kwao bhakri, mkate wa mtama, na chatine ya njugu, ndiyo maana siku ya shida alijua wapi pa kupiga simu, na baadaye tu, Asawari akiwa ameshapokelewa na kuandikwa, ndipo walipogundua kwamba karani wa hesabu wa ofisi ile ile ni Kishor, binamu wa mume, aliyekula wali wa harusi yao na kucheza mbele ya farasi wa bwana harusi. Ketaki nusura amwondoe mdogo wake siku ile ile, ampeleke wapi lakini, kwa mama yao mume ameshafika na ndugu zake, kwake hapa ndiko mahali pa kwanza pa kutazamwa, na Mama Pramila, mkuu wa ile nyumba, akamshika mkono, akamwambia tulia, mwanangu, Kishor anaona hesabu tu, faili la mdogo wako lina anwani ya alipo, na faili hilo tunalifungua watu wawili, mimi na wakili, kufuli si ulitufungia wewe mwenyewe… na akacheka, mama yule, kwa kumwamini, na kucheka kule ndiko kunakomchoma Ketaki kuliko maneno yote, kwa sababu anaijua ile diski, imejaa mpaka shingoni, wanaskani kila kipande cha karatasi cha mahakama, kila mwezi inapiga kelele ya onyo na kila mwezi Mama Pramila anajibu mwezi ujao, tukipata mfadhili… na toleo likitoka litajiweka lenyewe, halibishi hodi, litaanza kufuta na kuandika, kufuta na kushindwa kuandika, na asubuhi Kishor atafungua kompyuta yake atafute risiti ya dizeli, na mbele yake, chini ya herufi A… "Ketaki, mwanangu," mama mkwe mlangoni, sikio la kulia, amevaa kandambili za nje na pindo la sari amelichomeka kiunoni, ishara ya kwamba anakwenda vitani, "huyo Asawari atakuja Ganpati au hao waalimu wake wa Nagpur hawana likizo?" "Atakuja wakimruhusu, mama." "Mwambie asikose. Vitamu vya modak nakunja mwenyewe mwaka huu, siachii mtu. Haya, nashuka kwa Limaye. Nikamuulize huyo mwenyekiti wetu wa jengo, maji tunalipia ya nini." Na kandambili zikashuka ngazi, pa, pa, pa, na uongo wa Nagpur, kwamba Asawari anasoma huko, ukabaki jikoni pamoja na Ketaki, uongo mwepesi wa kubeba, ameshauzoea, mama mkwe ni mtu mwema lakini ana dada saba na kila mmoja ana simu.

"…kwa hiyo tukitoa leo jioni," Shirish anaendelea, anapanga, anapenda kupanga, "Jumatatu simu zikianza tunazipokea tukiwa wote hapa, na kuanzia Jumatano kila mtu huru. Sitaki mtu abaki ofisini wakati wa Ganpati. Nani anataka kubaki? Hakuna. Nilijua." Kicheko kwenye hedifoni, na Ketaki naye ana tiketi, Alhamisi asubuhi, Solapur, safari hii ameruhusiwa na Mama Pramila kumwona mdogo wake, nusu siku, kwenye chumba cha nyuma cha hekalu fulani, na Asawari ameshatuma ujumbe, utakuja kweli au utaniletea hadithi za kazi, na niletee chanuo, lile la mbao, siyo plastiki, na huku ofisini atakayechelewesha toleo ndiye atakayebaki kulitengeneza, hiyo haikuandikwa popote lakini inajulikana, kwa hiyo hata kwa upande wake ingefaa, kukubali, kuomba Solapur iachwe, kupanda treni, kila mtu ameshiba, na kiti cha unaibu wa Shirish nacho kiko wazi, kinatazamana naye, lakini hicho akiweke kando, hicho si cha kufikiria mtu ukiwa umeshika ndoo… uzi wa maji umekatika kabisa sasa, bomba linakohoa, kandambili zinapanda ngazi kwa hasira, pa, pa, pa, na mama mkwe anaingia akihema. "Unajua ameniambia nini? Nimemwambia bwana Limaye, ghorofa ya tatu hakuna tone. Akanitazama hivi, kama mimi ndiye niliyeyanywa. Akafungua bomba lake mbele yangu, likamwagika mpaka likarukia miwani yake. Ananiambia, maji haya hapa, mama, kaangalieni bomba lenu. Na lile tangi lake la pembeni alilojiwekea mwenyewe analifikiria ni la nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo hayo. Amepima maji ya mtaa mzima kwa bomba lake." Na Ketaki ameinua mkono, ngoja, mama, ngoja kwanza, siyo kwamba hataki kusikia, amesikia sana, amesikia mpaka mgongo umenyooka, amepima kwa bomba lake… Omkar amejaribu akiwa nani. Akiwa nani. Alipokaa kwenye mashine ya majaribio kubadilisha lebo, aliingia kwa jina gani, si kwa jina la msimamizi mkuu, wote si huingia kwa jina hilo, ni rahisi, huulizwi ruhusa, hakuna mlango unaokukatalia, na diski inapotengenezwa si hutengwa sehemu kwa ajili ya msimamizi mkuu peke yake, akiba, ili mashine ikijaa yeye aweze kuingia na kufagia, wengine wote wanaambiwa nafasi imekwisha na yeye bado ana ghala lake, hili si jambo la siri, hili linafundishwa wiki ya kwanza, yeye Ketaki amelifundisha, na kwa sababu kila mtu analijua hakuna anayelikumbuka. Omkar hakusema uongo, maskini, programu yao ya kujazia, inayokwenda kwa jina la kawaida, iliijaza diski ya watu wengine, kisha yeye akachota kwenye tangi lake. Na kwa wateja, kwenye hili toleo jipya, lebo hazibadilishwi na msimamizi mkuu, zinabadilishwa na mtumishi wa kawaida wa mfumo, si mtu, jina dogo tu la kuingilia, asiye na mamlaka wala akiba, walijisifu kwa hilo kwenye tangazo, usalama zaidi, waliandika, na Shirish akaweka ile picha ndogo ya mkono uliotunisha misuli.

"Kula basi hiyo pohe, inageuka mawe," mama mkwe anasema, naye Ketaki anafuta kidole kwenye dupatta, mtandio wake, anasogeza sahani, anafungua dirisha jingine kwenye kompyuta, mashine ya majaribio bado imejaa, Omkar hakuisafisha, abarikiwe kwa uvivu huo, na anaingia safari hii kwa jina la yule mtumishi wa kawaida, mlango wa uani, anatengeneza… hawezi kutengeneza faili, hakuna nafasi, bila shaka, anachukua lililopo, faili moja la Omkar lenye maneno jaribio jaribio jaribio, lina lebo yake vizuri, watu wawili tu, anaiamuru mashine ibadilishe. Kioo kinafikiri kidogo. Nafasi haitoshi. Kisha ile njia ya kurudi nyuma, aliyoiongeza Omkar kwa adabu zote, inajaribu nayo, ila kijinafasi kilichoachwa kimesharudi kwenye akiba ya msimamizi mkuu. Nafasi haitoshi. Anauliza faili lebo yake ni ipi na mashine inamjibu kwa mstari mtupu, na anaingia tena kwa jina la mtu mwingine kabisa, mtu wa pembeni asiyehusika na chochote, karani wa kubuni, na faili linafunguka, halijikazi hata kidogo, jaribio jaribio jaribio. Mikono imetulia, ndivyo alivyo, hata siku ile kwenye gari mikono ilitulia. Sasa analo jaribio. Analo, na Shirish ameahidi mbele ya watu kwamba yeye huenda na jaribio, kwa hiyo amweleze, na aombe Solapur iachwe… na hapo hapo lile ombi linamgeukia. Kwa nini Solapur. Kwa sababu Asawari yuko Solapur. Na ile kliniki ya Nashik je, nayo inaskani, nayo imejaa, watu waliopimwa na hawajawaambia hata waume zao, na yule wakili wa Kolhapur mwenye watoto wanaotoa ushahidi, na wengine ambao yeye hawajui, hajala bhakri kwao, hakuna aliyemshika mkono akamwambia kufuli ulitufungia wewe, kila mahali kuna Kishor wake, na siyo lazima awe mtu mbaya, inatosha awe binamu. Kuomba mmoja aachwe ni kujiwekea tangi la pembeni, kisha kufungua bomba lako mbele ya watu na kushangaa wanalilia nini, na hilo Ketaki amelitaka, tangu juzi amelitaka kwa moyo wake wote, aseme tu ukweli huo humu ndani kichwani ambamo hakuna anayemsikia, amelitaka na halitaki tena. "Ketaki?" Shirish. "Upo? Naona umezima maiki." Basi atasema, halafu watauliza, anajua watakavyouliza, kwa nini unalipigania hivi, ni mteja gani, kuna mtu wako humo, na ingekuwa rahisi kulitaja, kusema nina mdogo wangu humo, wote wangenyamaza, Shirish ana dada wawili, angelegea papo hapo, Omkar angelia… lakini jina la Asawari litakuwa limetoka mdomoni kwenda kwenye vichwa sita, kutoka vichwa sita kwenda mezani kwa chakula cha jioni, Pune na Solapur ni pua na mdomo, huwezi kulitoa jina la mtu hadharani ili kulilinda lisitoke, hakuna kichaa zaidi ya hicho, hapana, jina hatalitaja kwa Shirish, hatalitaja hata kwa huyu mama mwema anayempangusia kaunta, atawaonyesha mstari mtupu na utatosha, na usipotosha atawaonyesha tena, na jina lake yeye mwenyewe halitaingia pale mpaka Omkar aandike kwanza ndipo afute, waingie wote kwa jina la mtumishi, kuanzia leo majaribio yote yafanywe kwa jina la mtumishi, na kama hakuna wa kukaa wakati wa Ganpati, yupo wa kukaa.

"Ketaki, mama, tumebaki na wewe tu," Shirish anasema, kwa ule upole wake wa mtu anayetazama saa, "tuweke jina lako twende?" Mama mkwe anafungua bomba, linakohoa, anasonya, anasema na huyo Asawari asije akakuta nyumba haina hata maji ya kunawa, na Ketaki anatikisa kichwa kwamba amesikia, kidole kiko juu ya kitufe cha maiki, treni ya Alhamisi itaondoka bila yeye, chanuo la mbao litakwenda kwa mkono wa Mama Pramila au halitakwenda kabisa, na huko kwenye chumba cha nyuma cha hekalu Asawari atakaa nusu siku amejipamba, atasema nilijua, hadithi za kazi, atanuna, anajua kununa tangu utotoni, wiki nzima hafungui mdomo… na anune, mdogo wake, anune mpaka achoke, mahali asipopajua Kishor. Anabonyeza kitufe.